Oili Nzito

Mtaani walimwita Sikio. Jina lilianza kama utani wa madereva, kwamba fundi huyu hana haja ya kufungua boneti. Wewe washa gari tu, yeye ataegemea ukuta wa gereji yake, afumbe jicho moja kama anayeonja mchuzi, kisha akuambie ni plagi, ni mkanda, au ni ujinga wako wa kuendesha bila maji. Alikosea mara chache, na alipokosea alikuwa wa kwanza kucheka. Mkewe alishona nguo kwenye chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo, na alishazoea wateja kumchungulia dirishani na kumwambia, "Shemeji, huyu si fundi, huyu daktari."

Kwa muda mrefu mwanamke huyo alidhani mumewe amemchoka. Alimwita kula, kimya. Alimwuliza jambo akiwa amempa mgongo, kimya. Mke akimwita mumewe mara tatu bila kuitikiwa hafikirii masikio; anafikiria mwanamke mwingine. Akaanza kunusa mashati. Kisha asubuhi moja birika la filimbi likachemka jikoni, likalia mpaka mfuniko ukatetemeka, na mumewe amekaa pembeni yake kabisa, anakata kucha, hana habari. Kwanza mke alishusha pumzi, maana hakukuwa na mwanamke mwingine. Halafu akaona aibu kwa kushusha pumzi.

"Tangu lini?" alimwuliza, baada ya kumgeuza uso.

"Sauti nene nazisikia," alisema mumewe. "Nyembamba ndizo zimeniaga. Ndege siwasikii. Na ule mlio wa injini asubuhi, ti-ti-ti, nao siupati tena."

Walikwenda hospitali. Wakaambiwa kelele za miaka mingi za gereji ndizo zilizoyala masikio, na kilicholiwa hakirudi. Kulikuwa na kifaa cha kuvaa sikioni, lakini hakutaka hata kukijaribu. "Nani atamwachia gari lake fundi mwenye kidude sikioni?" alisema. "Kesho yake tu watanitungia jina jingine."

Basi wakatafuta njia yao. Asubuhi, gari la mteja lilipowashwa likiwa bado baridi, mkewe alitoka na kikombe cha chai kana kwamba amemletea mume kifungua kinywa. Akasimama karibu naye, akasikiliza, kisha akamgonga mkononi kwa kidole jinsi mlio unavyokwenda: upesi au polepole, wa kukaza au wa kukatakata. Mume akafumba jicho lake moja. Akasema ugonjwa. Mara nyingi alipatia, na wateja hawakugundua kitu. Jioni walicheka peke yao kama watoto walioiba sukari. Mwanamke alijiambia kwamba hawajawahi kupendana hivi tangu waoane, na huenda ilikuwa kweli.

Kisha akaja mdogo wa mwanamke huyo.

Huyu alikuwa kitinda mimba wa kwao, mtu mpole, mwenye mke na mtoto anayenyonya. Alikuwa ameuza kipande chake cha shamba la urithi akanunua pikapu iliyochoka, ili abebe maziwa kutoka kwa wafugaji wa milimani na kuyateremsha mjini. Kazi ilianza vizuri. Lakini huko juu kuna baridi, na kila alfajiri alipowasha gari lilikuwa linagonga.

"Ti-ti-ti, shemeji, kama mtu anapiga kucha mezani," alimweleza Sikio. "Likishapata moto, linanyamaza. Mchana kutwa huwezi kujua kama ni lenyewe. Nimeuliza watu, kila mtu na oili yake. Huyu anasema weka nyepesi, yule anasema weka nzito. Mimi nikasema, kwa nini nihangaike na nina shemeji?"

"Liache lilale hapa," Sikio alimwambia. "Injini ikishapata moto inadanganya. Nataka niisikie ikiwa imeganda."

Dada mtu alikuwa mlangoni na futi yake ya kupimia nguo shingoni. Neno hilo "niisikie" lilimchoma.

Asubuhi ukungu ulikuwa umekaa barabarani kama maziwa yaliyomwagika. Mdogo mtu alifika mapema, akaingia kwenye pikapu, akawasha. Mlio ukaja palepale. Dada akaja na chai, akasimama mahali pake, akamgonga mumewe mkononi: upesi, mwepesi, wa kufuatana.

Sikio akainamisha kichwa. "Juu au chini?" alimwuliza kwa sauti aliyodhani ni ya kunong'ona.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi, na mkewe alijua, maana alikuwa ameshaelezwa siku nyingi. Mlio ukitoka juu, kwenye valvu, kwa injini ya zamani kama ile, oili nzito kidogo huweza kuutuliza. Ukitoka chini ni habari nyingine kabisa. Chini kuna chujio linalopitisha oili inayovutwa na pampu, na likiziba kwa uchafu injini inakaa na kiu. Ukiipa oili nzito asubuhi ya baridi, ni kama kumpa mtu mwenye koo lililofunga ugali mkavu. Mlio wa chini unataka sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, ifunguliwe, uchafu utolewe, na oili nyepesi irudishwe kama waliotengeneza gari walivyoagiza.

Alisikiliza. Mlio ulikuwa kila mahali. Akainama kidogo, kana kwamba anaokota kijiko, na huko chini akausikia zaidi, karibu na magurudumu. Au alidhani ameusikia. Alipoinuka, mdogo wake alikuwa ameshashuka na anawatazama.

"Mbona shemeji anakuuliza wewe, dada?" alisema akitabasamu. "Siku hizi umekuwa fundi?"

Mumewe hakuwa amemsikia. Alikuwa bado anasubiri, jicho moja limefumba, uso umetulia kama wa mtu anayemwamini aliyemshika mkono. Kusema chini kungeleta kulifungua gari na maswali mengine, na mwanamke alitaka jambo lile liishe upesi.

"Juu," akasema.

"Valvu," Sikio akamwambia shemeji yake, na kumpiga begani. "Oili uliyoweka ni maji matupu. Nitakuwekea nzito, utasahau kama liliwahi kulia."

Na kweli lilinyamaza. Kwa majuma kadhaa mdogo mtu alipita akipiga honi na kunyoosha kidole gumba, na mara moja alimletea dada yake dumu la maziwa. Mwanamke alianza kuamini kwamba amesikia sawasawa. Alijiambia pia kwamba siku mumewe atakapokuwa na nafasi atamwomba alifungue lile gari chini, kwa kuhakikisha tu. Lakini nafasi haikupatikana, au hakuitafuta, kwa sababu ingembidi aeleze kwa nini.

Majira ya baridi yalipokaza, pikapu ilirudi ikiburutwa na trekta.

Ilikuwa imefia mlimani, na maziwa ya watu nyuma. Mdogo mtu alisema ilianza kugonga, si ti-ti-ti tena bali kama nyundo, na kabla hajapata pa kuegesha ikakaza, magurudumu yakagoma. Alisema maneno hayo taratibu, kama anayesimulia ya mtu mwingine.

Sikio aliingia chini ya gari na kufungua sampu. Alichokikuta hakikuhitaji masikio. Lilishuka tope jeusi kama lami, chujio limezibwa pande zote, na vipande vya beringi vinang'aa humo ndani kama magamba ya samaki. Injini ilikuwa imenoki, haifufuki tena. Alitoka, akajifuta mikono, akamtazama mkewe.

"Ulisema juu," alisema. Hakusema kwa ukali.

"Nilisema juu," alijibu mkewe.

Mdogo mtu hakuelewa hayo. Yeye alikuwa na lake. "Shemeji, nilikupigia simu. Nilikuambia taa ya oili inachelewa kuzimika kila asubuhi, nifanyeje. Ukaniambia, 'Kawaida hiyo, wewe endesha tu.' Nikaendesha."

Sikio alikuwa anaifuatisha midomo yake, na alipofika nusu akaipoteza. Akageuka kwa mkewe, kama alivyozoea. Lilikuwa jambo la kupepesa jicho tu, lakini safari hii mdogo mtu aliliona. Akamtazama shemeji yake, akamtazama dada yake. Akasogea nyuma ya Sikio na kusema kwa sauti ya kawaida, "Shemeji, nyumba yako inaungua."

Sikio aliendelea kumtazama mkewe.

"Hasikii," alisema mwanamke. "Sauti nyembamba hasikii. Simu ndiyo haisikii kabisa, anaitikia tu."

"Tangu lini?"

"Kabla hujaleta gari."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Mwanamke alitegemea kwamba atapiga kelele, na angeshukuru. Lakini mdogo wake alikaa kwenye tairi kuukuu akaitazama mikono yake. "Ungeniambia tu, dada," alisema. "Ningempelekea mwingine, kisha ningekuja kunywa chai hapa kama kawaida. Hakuna ambaye angejua."

Alikuwa amelinda jina la mumewe, na jina lenyewe halikudumu. Habari zilishuka mjini pamoja na wabeba maziwa, na madereva walioanzisha utani wakaugeuza: sasa walisema Sikio wakicheka kwa namna nyingine. Magari yakapungua. Wale wachache waliobaki waliongea naye kwa kupaza sauti kama wanaoongea na mtoto au mgonjwa, na baada ya muda nao wakapotea. Hakumlaumu mkewe hata siku moja. Wala hakumwomba tena asimame karibu naye na kikombe cha chai. Asubuhi alikwenda gereji kama kawaida, akapanga spana kwa ukubwa, akazipangua, akazipanga.

Pikapu iliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Siku waliyokuja kuichukua, mdogo mtu alikuja kutoa betri na blanketi la mtoto lililokuwa nyuma ya kiti. Alikuwa amepata kibarua cha kupakua magunia kwenye ghala. Dada yake alimfuata mpaka barabarani, akamwuliza hali ya mke na mtoto.

"Wamekwenda kwao kwa muda," alisema. Kisha akasema, "Usinipigie simu, dada. Nikiweza nitapiga mimi." Akaweka betri begani, akaondoka, blanketi limening'inia mkononi.

Sikio alikuwa amesimama kwenye mlango wa gereji, amewaona wakizungumza. Mkewe aliporudi, Sikio akamsogelea mbele ili aone midomo yake.

"Amesema nini?"

"Amesema atapita juma lijalo," alisema mkewe, polepole na kwa sauti kubwa, ili alipate kila neno.

Uso wa mwanamume ulifunguka kidogo kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Basi nimtafutie injini ya mtumba," alisema. "Wakati huo hasira zitakuwa zimempungua." Akaingia ndani kutafuta koti, na mkewe akamsikia akivuta droo moja baada ya nyingine, akijiimbia kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakujua jinsi ilivyokuwa kubwa.