Ng'ombe wa Pembe Moja

Ukifika Mururu, kule Rwanda mpakani na Kongo, usiulize nani anajua kucheza umushagiriro, watakushangaa. Ni Uwimbabazi, nani mwingine? Ngoma hiyo ya akina mama inachezwa kwa mikono kuliko miguu: mikono miwili inapanda, inajipinda na kubaki juu, mfano wa pembe za inyambo, wale ng'ombe warefu wa wafalme, na mchezaji anatembea chini yake kwa madaha. Wenzake waliinua mikono. Yeye, nakuambia, aliota pembe.

Hiyo ilikuwa kabla ya Machi, madaktari walipomkata titi la kushoto pamoja na tezi za kwapani. Alipona, Mungu ashukuriwe, ila mkono wa upande huo ulirudi nyumbani umevimba, mzito, na ukakataa katakata kupanda kupita bega. Majirani aliwaambia ameteleza kwenye ngazi zilizolowa mvua akateguka. Chini ya nguo zake zote, hata mushanana, lile vazi lao la sherehe, alibana kwa pini kitambaa kilichokunjwa mahali pa titi, na pale sokoni Kamembe alipouza vitenge hakuna aliyeshtuka. Aliyejua ukweli ni binti yake Mutoni peke yake, naye aliapishwa.

Tangu utotoni kule Bukavu, ambako wazazi wake walimlea kabla ya kurudi Rwanda, Uwimbabazi alizoea kuangaliwa. Hilo halikumtisha. Alichoogopa kama kifo ni kuhurumiwa, kwa sababu alijua kuwa siku watu watakapoanza kumhurumia hawatamwona tena akicheza. Wataona ugonjwa umevaa mushanana. Kwa hiyo kila mara kikundi chake cha ngoma kilipoitwa mahali alisema bega bado, bega bado, kisha anajifungia chumbani na kuusikiliza mwili wake ukimlilia ngoma.

Mutoni alikuja likizo mwezi wa nane. Alikuwa akisomea ngoma Kigali, mwaka wa tatu, na kichwa chake kilikuwa kimejaa maneno hadi yanamwagika mezani wakati wa kula. Mama yake aliyapenda maneno hayo. Alikuwa amecheza maisha yake yote bila kujua kwamba mchezo mdogo unaorudiwarudiwa ndani ya ngoma una jina, unaitwa motif, na kwamba akina mama wakianza mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akimfuata mwenzake, wamefanya canon. Alipoambiwa kwamba kuinama kidogo tu ni kubadili niveau, yaani kimo cha mwili, alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akainuka akainama jikoni, akasema, "Aksanti, professeur. Leo nimebadilisha niveau ya kuosha sahani."

Ndipo Habineza wa Giheke akaleta habari. Anamwoza binti yake Larissa, na anataka kikundi cha akina Uwimbabazi kicheze siku upande wa bwana harusi watakapokuja kuomba mke na kutoa ng'ombe.

"Mwambie bega bado," Uwimbabazi alisema.

"Hapana, Maman. Utacheza," Mutoni akajibu. "Miye njo nitaitengeneza. Chorégraphie yote."

"Na mukono?"

"Bamaman bote batacheza na mukono moja. Ule wa kuume unapanda, ule wa kushoto unabakia ku kiuno." Akasogeza kiti karibu. "Sikiliza. Kama muntu moja anafanya kitu yake peke yake, bantu banaona kosa. Bote bakiifanya pamoja, inakuwa unisson. Inakuwa ngoma. Hakuna mwenye atajua ni juu yako."

Kitu fulani ndani ya Uwimbabazi kilisema hapana, kikasema wazi kabisa. Lakini alimtazama mtoto. Miezi yote hiyo Mutoni alikuwa akimpigia simu na kulia kimyakimya akidhani hasikiki, na sasa macho yalikuwa yanawaka kwa furaha ya mtu aliyepata dawa. Nionyeshe mama ambaye angeizima furaha ile. Akasema sawa. Tena, tusidanganyane, alikuwa na kiu yake mwenyewe. Alitamani kucheza kiasi kwamba angekubali hata kucheza amekaa.

Walifanya mazoezi kwenye ukumbi wa parokia. Gaudiose, mkubwa wao kwa umri na asiyejua kufunga mdomo, alilalamika tangu siku ya kwanza. "Maman Mutoni, huu mukono wa kushoto unalala sababu gani? Tuko natengeneza inyambo ao tuko nabeba ndoo?"

"Ni mambo ya masomo," Uwimbabazi akamjibu. "Acha batoto batufundishe."

Gaudiose akanung'unika, akafuata. Wote walifuata, maana bila Uwimbabazi ngoma yao ilikuwa imepwaya na walifurahi mno kumpata. Na kusema haki, mle ukumbini ilipendeza. Mstari mmoja wa akina mama, mkono mmoja juu, mwingine umetulia kiunoni, wanageuka pamoja. Dominique mpiga ngoma alitikisa kichwa akasema hajawahi kuona kitu kipya kizuri namna ile. Uwimbabazi alirudi nyumbani akiimba.

Jumamosi ikafika. Koo mbili zilikaa kwenye mahema zikitazamana, wazee wakataniana na kubishana kwa maneno matamu kama desturi inavyotaka, hadi upande wa Larissa wakakubali kumtoa. Hapo akasimama msifu ng'ombe na fimbo yake. Alisifu ng'ombe wa mahari mmoja mmoja, rangi yake, ukoo wake, na hasa pembe zake, jinsi zilivyopanda pamoja zikatazamana. Watu wakaitikia kwa vigelegele. Msemaji wa upande wa bibi harusi akasema, basi tuwaone hao ng'ombe, na ngoma ya Dominique ikalia.

Kule ukumbini kwenye mazoezi hakukuwa na mahari wala msifu ng'ombe. Hilo ndilo walilolisahau, Mutoni kwa usomi wake, na mama yake kwa kiu yake.

Wakatoka kundi zima, kila mmoja na pembe moja.

Vigelegele vilikatika. Shangazi mmoja wa bibi harusi, mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni, akauliza mbele ya wote, "Hizi ng'ombe zimevunjika pembe? Njo hizi banatuletea?" Wengine wakacheka. Wazee wa upande wa bwana harusi hawakucheka. Nani huleta ng'ombe aliyevunjika pembe kwenye mahari? Larissa, amekaa kwa mapambo yake yote, akainamisha uso.

Kisha macho yakaanza kutafuta sababu, yakipita kwenye mstari, mwanamke mmoja baada ya mwingine. Wenzake mikono yao ya kushoto ilikuwa imekunjwa kiunoni kwa urembo. Wake ulikuwa umevimba, unang'aa, bangili zimezama ndani ya nyama. Yale macho yakakomea kwake. Uwimbabazi alimsikia mama mmoja akimnong'oneza jirani yake, "Ule ni ugonjwa ya titi. Dada yangu alikuwa na mukono vile." Jirani akashika mdomo, na huruma ikasambaa hema zima kama maji yaliyomwagika.

Alitazama kando akawaona wenzake, Gaudiose na wengine wote, wanageuka pamoja vizuri kama walivyofundishwa, na kila mwili ulikuwa umevaa ugonjwa wake yeye. Mtoto alitaka kumficha. Ngoma nzima ilikuwa inamnyooshea kidole. Moyo ulimuuma kuliko kisu cha daktari, maana kisu angalau kilimkuta amelala.

Katika umushagiriro kiongozi ndiye anayeita, na akiita, wanaomfuata hawaulizi. Uwimbabazi alivuta pumzi akaita kwa sauti iliyofika mwisho wa mahema:

"Bamaman! Mikono yote mbili!"

Gaudiose alikuwa wa kwanza. Mikono ikapanda, jozi kwa jozi, ikajipinda, ikatulia juu. Vigelegele vikarudi kwa nguvu. Uwimbabazi akarudi nyuma hatua kwa hatua, akitabasamu kama kiongozi anayewapisha wenzake waonekane, mpaka akawa nje ya mstari, kisha nje ya uwanja, nyuma ya nguzo ya hema. Ngoma iliendelea bila yeye, na ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililommaliza.

Mutoni alimkuta pale, uso umelowa. "Maman, unisamehe. Nilikuwa nataka tu uingie pamoja nabo."

"Niliingia."

"Nimekuharibia."

"Nyamaza." Uwimbabazi alikuwa anatazama uwanjani. "Kwenu kule munaita namna gani, muchezaji akitoka na bengine banaendelea?"

Mutoni akajipangusa uso. "Sortie."

"Njo hivyo tu?"

"Njo hivyo tu, Maman."

Uwimbabazi akaonyesha uwanjani kwa kidevu. "Pale nilikuwa kumebakia nafasi," akasema. "Gaudiose anaangalia kando kila saa, atapoteza benzake. Ingia."

"Siwezi. Si leo."

"Umevaa mushanana, uko na mikono. Ingia, Mutoni."

Binti akaenda analia. Aliingia kwenye mstari mahali penyewe, akainua mikono miwili, na Uwimbabazi akaitambua. Ilikuwa ni mikono yake mwenyewe. Ule mpindo wa kiwiko, kile kiganja kinachochelewa kidogo kufunguka, hakuwahi kumfundisha mtu. Alikuwa akivitazama kwa macho yake kwa mara ya kwanza, mwilini mwa mtu mwingine, na alijua havitarudi kwake tena.

Yule shangazi mnene alikuwa amesimama karibu, anapiga makofi, amekwisha sahau utani wake. Alimgeukia kwa furaha. "Angalia ule binti! Nani amemufundisha?"

Uwimbabazi alifungua kinywa aseme ni yeye, kikatoka kilio.