Geuza Kola Kwanza

Nyumbani kwetu mtoto alijua kugeuza kola kabla hajajua kufunga vifungo vyake mwenyewe. Baba na mama walikuwa madobi, nasi tulikuwa watoto tisa, kwa hiyo katika vyumba vile viwili kulikuwa na watu kumi na mmoja wanaokula, na wengine chungu nzima waliokuwa mashati tu. Ili mzigo wa nyumba hii usiingie kwenye wa nyumba ile, mama alitia alama ya uzi ndani ya kila kola: mwekundu mishono miwili kwa fulani, wa kijani msalaba kwa fulani. Ukishika nguo, geuza kola kwanza. Usipogeuza, unapata kofi la kisogo, halafu unageuza.

Nasema haya mapema ili ijulikane kwamba tulijua. Asije mtu mwenye huruma akatutetea.

Baba alikuwa akisema, "Nguo ya mtu ni mtu. Ukiikunja ovyo, umemkunja mwenyewe." Madobi wengine pale mtaani walikodisha suruali za wateja wao kwa mabwana harusi, na Mwalimu Mkuu wa shule yetu, mama mmoja mkali, aliwahi kwenda harusini akalikuta gauni lake likicheza bila yeye. Kuanzia siku hiyo alileta nguo zake kwetu. Kwetu tulilala chini ya kamba zilizojaa mashati ya maana, matone yakitudondokea usoni, na asubuhi tukavaa viraka vyetu tukaenda shule. Mashati yale hatukuthubutu hata kuyajaribu. Mtaani baba aliitwa Amana, na hakuna aliyemwita kwa jina jingine mpaka nikadhani ndilo alilopewa na mama yake.

Kisha ikaja ile miaka. Kiwanda kikafungwa, na waliokuwa wakifuliwa wakaanza kujifulia. Mabomba yakakauka. Mama akawa anashuka bondeni kabla ya jogoo wa kwanza, ndoo kichwani na kitindamimba mgongoni, kwenda na kurudi mpaka mapipa yajae. Baba alizunguka nyumba hadi nyumba akiomba hata mapazia, hata magunia. Viganja vyake vilichubuka kwa magadi, kwani sabuni ilikuwa haionekani, na akishika pasi ya mkaa alifunga kitambaa ili damu isiguse nguo ya mtu. Kuhusu kula, mama alikuwa akituambia ameshakula kwa jirani. Nilipokuwa mtu mzima nikagundua kwamba jirani naye alikuwa akiwaambia wanawe ameshakula kwetu.

Tukatoka wote tisa. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeacha shule. Leo kati yetu wapo wenye ofisi zenye mazulia, na wote tisa nguo zetu zinafuliwa na mashine.

Wazo la sherehe ya kuwashukuru wazee lilikuwa la Bosi. Bosi ni kaka yetu mkubwa, na jina hilo alilipata akiwa bado na kamasi, kwa kupenda kutuagiza. Akakodi ukumbi wenye viti vilivyovishwa vitambaa, akaalika wateja wa zamani waliobaki hai, akanipa mimi kipaza sauti niwe mshereheshaji. Mimi ni wa saba, na naitwa Kasuku. Sababu usiulize.

Ni lazima nieleze kwanza hali ya baba. Mwaka juzi alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, maneno yakamtoka yote, akabakiwa na moja tu: hapana. Baba, chai? "Hapana," huku anapokea kikombe. Baba, tukufunike? "Hapana," huku anavuta blanketi. Mwanzoni tulilia, baadaye tukacheka, na yeye mwenyewe alikuwa akicheka nasi. Mwisho tukazoea, na kuzoea huko ndiko kulikotuponza.

Ijumaa ile ya sherehe, dada zangu walimpeleka mama saluni, jambo ambalo hakuwahi kufanyiwa maishani. Mimi na Bosi tukabaki nyumbani kumvisha baba. Suti mpya aliyonunua Bosi ikampwaya mzee wetu, mabega yakaning'inia, akaonekana kama mtoto aliyevishwa ya babake.

"Si ana yake?" nikasema mimi. Ndiyo, mimi.

Ilikuwa nyuma ya mlango wa chumba chao, chini ya shuka kuukuu, pale pale ilipokuwa tangu utoto wetu. Suti ya kitani, rangi ya maziwa. Baba alikuwa akiishusha mara kwa mara, anaipiga pasi, anairudisha, na sisi watoto tuliambiana kwamba ni ya baba, anaiwekea siku yake kubwa. Hakuna aliyeuliza ni siku gani. Tuliipenda mno hadithi hiyo, maana ilikuwa nguo pekee nzuri tuliyodhani ni ya kwetu.

"Hapana," baba akasema alipoiona.

"Ndiyo hapana yako hiyo hiyo, mzee," Bosi akasema, akicheka. "Leo utavaa."

Tukauingiza mkono uliolala, kisha ule mzima. Ilimkaa kana kwamba fundi alikuwa amempima. Mara mkono wake wa kushoto ukapanda shingoni, ukashika kola, ukaivuta nje. Nikaona inambana. Nikailaza kola kwa viganja vyangu, nikaipapasa ikatulia. Akaivuta tena. Nikailaza tena. "Hapana," akasema, "hapana, hapana," na macho yake yalikuwa kwangu, si kwa Bosi.

"Mzee siku hizi kawa mbishi," nikasema, nikamfuta jasho, tukaondoka.

Ukumbi ulijaa. Bosi akasimama, akanyoosha kidole kwa baba aliyekaa mbele kwenye kiti chenye maua. "Mnaiona suti hii?" akasema. "Sisi tumelala njaa suti hii ikiwa ukutani. Mzee wetu aliitunza miaka yote hiyo akiingojea siku ya leo." Watu wakapiga makofi. Baba akaanza kulia. Wakapiga zaidi, simu zikainuliwa, picha zikapigwa. Kitindamimba wetu akamlisha keki, na kipande chenye sukari nyekundu kikadondoka kifuani mwa lile koti.

Nikampa kipaza sauti Mwalimu Mkuu, yule wa gauni, sasa bibi anayetembelea mkongojo. Alizungumza kwa ufupi. "Madobi wote wa mji huu walizivaa nguo zetu," akasema. "Wote. Isipokuwa huyu." Akamwinamia baba kwa heshima, naye baba akageuza uso ukutani.

Hapo ndipo mama alipoingia kutoka saluni, kachelewa, kucha zimepakwa rangi na hajui mikono aiweke wapi. Akaketi kando ya mumewe. Akaona lile doa. Akalowesha pembe ya kitambaa chake kwa mate, akaanza kulifuta, na mkono wake mwingine, kwa mazoea tu ya maisha yote, ukageuza kola.

Uzi wa njano, vinukta vitatu.

Akanitazama. "Nani kamvisha?"

"Mimi na kaka, mama."

"Mligeuza kola?"

Bosi alikuwa ameshakuja, ameinama kati yao, bado ana tabasamu la wageni mdomoni. Mama akamwonyesha uzi. Tabasamu likabaki pale pale bila kazi.

"Ya nani?" Bosi akauliza.

"Ya karani mmoja wa reli. Alisema atakuja kuichukua Jumamosi."

"Jumamosi ipi, mama? Mimi nilikuwa mtoto wakati huo."

"Hakusema ipi." Mama aliongea polepole, kwa sauti ambayo haikufika meza ya pili. "Mwaka ule wa njaa alikuja mtu na gunia la unga, anaoza binti, anaitaka suti hii. Baba yenu akamwambia si yangu. Mimi nilimnunia wiki nzima. Nilitaka aitoe. Nyie mlikuwa mnalia humo ndani, nilitaka aitoe." Akalaza kola taratibu. "Hakuitoa ili mle. Leo mmemvisha ili mpigwe picha."

Nilikumbuka ule mkono wa kushoto ukiivuta kola. Alikuwa akinionyesha. Mtu mwenye neno moja alilitumia lote, akaongeza na mkono, nami nikamlazia kola kama anayemnyamazisha mtoto.

"Mama, basi tumalize kwanza," Bosi akanong'ona. "Tutaivua nyumbani. Nani atajua?"

"Huyu anajua," mama akasema. "Mwangalie."

Tulimwangalia. Machozi yalikuwa yamefika kidevuni, na mkono wake mzima alikuwa ameuinua kidogo kutoka gotini, ameushikilia hewani, ili kiganja kisigusane na kitani.

Nikaenda na kipaza sauti mbele ya wale watu. Mimi Kasuku maneno yalinipotea. Nikasema kwamba suti hii si ya baba. Kwamba ni ya mteja, ameitunza, hajawahi kuivaa, na leo ametuambia hapana mara nyingi nasi tukamvisha kwa nguvu. Kwamba lile alilosema mwalimu ni kweli, waliosema uongo ni sisi wanawe. Shangazi mmoja akakohoa. Bosi alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti, akiutoa kwanza ule mkono uliolala. Suruali tulilazimika kuiacha mpaka nyumbani, na hilo nalo lilikuwa aibu ya peke yake.

Alipobaki na shati, baba aliomba koti kwa kidole. Akaliweka magotini, na kwa mkono mmoja akaanza kulikunja, mkono wa koti juu ya mkono wa koti, taratibu, mbele ya wageni wote. Hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Kesho yake asubuhi tulikutana uani kwa wazee. Mama alikuwa ametoa lile karai la zamani na pasi ya mkaa. Ameketi pembeni ya baba, kucha zake nyekundu zimeshaanza kubanduka.

"Fueni vizuri," akasema. "Leo Jumamosi."

Bosi akakunja mikono ya shati. Alisugua kwa nguvu, nami nikamkemea kwamba kitani hakisuguliwi hivyo, akanikemea kwamba nimekuwa dobi lini. Tukasuuza, tukaanika, tukapuliza mkaa mpaka macho yakatuwasha, tukapiga pasi kwa zamu. Jua lilikuwa limeshapita utosi tulipompelekea baba suti yake. Si yake. Nimezoea kusema vibaya.

Akaigeuza kola. Akagusa vile vinukta vitatu kwa kidole gumba. Kisha akaisogeza kwenye mwanga, akaitazama sehemu ya kifua kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeshaona pametakata.

"Hapana," akasema.

Bosi hakucheka. Tukaenda kuteka maji mengine.