Upande wa Kulia

Tovuti ya kliniki ya macho ilibakiza jambo moja tu: Kiswahili. Niliijenga kwa vipande, fomu peke yake, vitufe peke yake, na kila kipande kinachota maneno yake kwenye faili moja. Ukiongeza lugha kwenye faili, tovuti nzima inaizungumza. Raha tupu.

Mtafsiri hakuwa wa kutafutwa mbali. Mama yangu ni muuguzi mstaafu na Kiswahili chake kimenyooka. Tena nilitaka kisingizio cha kumpitia, maana siku hizi alikuwa akimimina chai nje ya kikombe. Nikimtajia daktari, ananikatiza: "Mimi mzima. Hangaika na kompyuta zako." Niliogopa kwamba macho yanamwisha na hataki kusema.

Nikamchapia karatasi kwa herufi kubwa: kushoto maneno ya Kiingereza, kulia patupu.

"Mama, nijazie upande wa kulia kwa Kiswahili," nikasema, mguu ndani mguu nje.

Keshoye nikaichukua, nikaipiga picha bila kuisoma, programu ikaingiza mwandiko wake kwenye faili. Nikafungua ukurasa.

Palipopaswa kuandikwa "Umri" palisomeka: *Sabini na moja, msizidishe.* Kitufe cha kutuma kikasema: *Tumeni, mnangoja nini?* Nilicheka hadi machozi. Kumbe mama hakutafsiri, alijaza fomu! Mtu aliyefanya kazi wodini miaka arobaini, umpe karatasi yenye maswali kushoto na nafasi kulia, unategemea nini?

Nikashuka chini ya ukurasa, kicheko kikakatika. Penye swali la kuona: *Jicho la kushoto lina ukungu tangu mwaka jana.* Penye sababu ya kuchelewa kuja: *Mwanangu yuko bize. Sitaki kumsumbua.*

Niliona aibu, nikafurahi papo hapo, kwa sababu hatimaye alikuwa amesema. Nikampigia.

"Mama, nimesoma karatasi yako."

"Nimekosea wapi?"

"Hujakosea popote. Kesho saa tatu tunaenda kliniki."

"Haya. Uje mapema basi, nisije nikaghairi."

Daktari alimmulika, akatabasamu. Ni mtoto wa jicho, akasema, anatolewa asubuhi na mchana mtu anakula kwake. Mama akashusha pumzi, nami nikashusha yangu.

"Lakini bibi," daktari akauliza, "mbona umechelewa hivi?"

Mama akanigeukia.

"Ni mimi, daktari," nikasema. "Hakuwa na wa kumleta."