Kiti cha Dereva Kimesogezwa Mbele

Mfamasia alijua kuna jambo siku ile alipoingia kwenye gari la mumewe na goti likagonga usukani. Mumewe, fundi wa mafriji, ni mrefu wa kuinama kila mlango. Kiti cha kigari kile cha spoti siku zote hukaa nyuma hadi mwisho, lakini siku hiyo kilikuwa kimevutwa mbele kabisa, na kioo cha ndani kimeinamishwa chini. Mtu mfupi alikuwa amekaa pale. Na si kukaa tu, alikuwa ameendesha!

Damu ikamchemka palepale. Akanusa kiti. Marashi hayakuwepo, ila kulikuwa na harufu ya mbali ya mafuta ya mnanaa. Aha, kumbe mjanja, hajipulizii kitu!

Fundi alilinunua gari lile likiwa kuukuu, akalitengeneza kwa mikono yake, kisha akatangaza kwamba anaanza mashindano. "Si mbio za barabarani," alimweleza mkewe. "Tunapanga koni kwenye maegesho ya kiwanda kilichofungwa, magari yanapita moja moja, dereva anapimwa muda. Ukiangusha koni, unaongezewa sekunde." Sasa jamani, mtu mzima na ndevu zake, Jumapili nzima anazunguka koni! Nani angemeza hilo?

Na mlangoni mwa gari kulikuwa na namba mbili za tepu nyeusi, moja juu ya nyingine. Jioni Mfamasia akasimama kizingitini, Fundi asipate pa kupita.

"Namba ya chini ni ya nani?"

"Ya mwenzangu. Tunaruhusiwa watu wawili kutumia gari moja, kila mtu na namba yake."

"Mwenzako mwanamume?"

Fundi akakohoa. Kusema uongo hajui, maskini. Akijaribu anaanza kujikuna shingo. Akajikuna shingo. Halafu akakumbuka friji ya mteja inayovuja, akabeba kisanduku cha vifaa, akapenya ubavuni mwa mkewe na kutoka. Friji hiyo imechagua wakati mzuri kweli wa kuvuja!

Mfamasia akampigia simu mama yake, mkunga mstaafu, mtu pekee asiyemficha kitu. Akamwaga yote: kiti, kioo, namba, mnanaa.

"Mumeo si mtu wa hivyo," mama akasema, haraka mno.

"Unamtetea, Mama?"

"Simtetei, mwanangu. Nasema tu. Haya, nina maziwa jikoni."

Simu ikakatika. Ala! Hata mama? Mfamasia akabaki ameikodolea macho ile simu. Mama anajua, akajiambia, anajua na ananionea huruma. Hapo ndipo roho ilipomuuma kwelikweli. Angekuwa hampendi yule mrefu wake angelala usingizi wake na kukoroma. Tatizo anampenda, na aliona kabisa ndoa yake inaondoka huku yeye yupo kaunta anawahesabia watu vidonge.

Jumapili Fundi akaondoka na kofia ngumu mbili. Mbili! Mfamasia akaita teksi.

Koni zilikuwepo kweli, hilo lilimshangaza kidogo. Zilitapakaa uwanja mzima, na watu walipita katikati yake kwa miguu, wanainama, wananyoosha vidole, wanakariri kona kabla ya kuziendesha. Kila koni ilizungushiwa chaki chini, ijulikane ikisogea. Magari yalipanga foleni, na mzee mwenye bendera alikuwa anayaruhusu moja moja. Mfamasia akapepesa macho mara moja tu akakiona kigari chao, cha pili kutoka mbele.

Fundi alikuwa kwenye kiti cha abiria, amejibana mlangoni kama anaogopa kuguswa. Kwenye usukani kulikuwa na kitu kifupi chenye kofia ngumu. Kilikuwa kinatikisa kichwa, kinacheka!

Mfamasia hakukumbuka alivyofika pale. Alijikuta anapiga kioo kwa kiganja.

"Toka! Toka nikuone! Leo utanitambua!"

Kofia ikavuliwa taratibu. Chini yake, nywele nyeupe zimelowa jasho, akatokea mama yake mzazi.

Lo! Maneno yote aliyoyapanga kwenye teksi yakamwisha. Watu hawa wawili! Nyumbani mkwe akiingia sebuleni Fundi hukimbilia nje, na wakisalimiana kila mmoja huangalia sakafu. Leo wamebanana kwenye kigari cha viti viwili!

Fundi akashuka, hajui mikono aiweke wapi. "Nilikwenda kumtengenezea friji," akasema. "Akaomba anisogezee gari kivulini. Akazunguka mtaa mzima. Mke wangu, mama anajua kukata kona! Alinisihi nisiseme."

Mfamasia akahema. Mumewe ni wake, basi, ni wake. Furaha ilimjaa, na hasira ikaingia nyuma yake, maana tangu mama apatikane na presha ni yeye bintiye aliyeliuza gari la mama, akampangia chumvi, usingizi, hata wageni wa kumtembelea.

"Kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Ungenikataza."

"Ningekukataza, ndiyo! Mgonjwa wewe!"

"Na mimi ningetii," mama akasema. "Siku hizi nakutii kwa kila kitu, mwanangu. Hiki nilitaka kiwe changu."

Gari la mbele lilikuwa limeshaondoka. "Namba ya chini!" mzee wa bendera akapaza sauti. "Unakwenda au huendi?"

Injini ilikuwa inanguruma, kofia iko mapajani mwa mama, naye anamwangalia bintiye usoni, anasubiri kuambiwa. Mwanamke aliyezalisha nusu ya mji huu, aliyewafokea madaktari wakamtii, anamwomba ruhusa mtoto aliyembeba mgongoni. Mfamasia akaona haya hata masikio yakamwaka. Ni yeye aliyemfundisha mama yake macho yale.

"Usiniangalie mimi, Mama," akasema. "Mwenye bendera yuko kule."