Ramani Yenye Majina

Mimi ndiye niliyeweka jina la mama yangu kwenye ramani. Nianze hapo kabla sijamsema Felix, kwa sababu nitamsema.

Tovuti ya mtaa wetu hapa Eldoret ni ya kila mtu. Hivyo ndivyo Felix anavyohubiri. Unachukua nakala yake nzima bila kuomba ruhusa, unaongeza chako, unatuma ombi, na wahariri wawili wakikubali, kinaingia. Wahariri ni Felix mwenyewe, kijana wa Ainabkoi mwenye laptopu iliyojaa vibandiko kuliko mlango wa kinyozi, na Jemutai, jirani yetu. Mimi nilikuwa nimemaliza Form Four, kazi sina, miguu ninayo. Nikauliza nichangie nini.

"Ramani," Felix akasema. "Kila paa liwe na jina la mwenye nyumba. Mtu akiita ambulensi, dereva asizunguke akiuliza."

Wiki mbili nilipiga hodi. Paa mia moja na arobaini. Felix alikubali siku hiyo hiyo, na Jemutai, aliyekuwa na mitihani, akabonyeza ndiyo bila kufungua faili. Jina langu likawekwa kwenye orodha ya wachangiaji. Nikatembea kama mbunge.

Ilikuwa Julai 2022, kura ikiwa mwezi ujao. Nikamwonyesha Mama kwenye simu, nikitarajia sifa, labda na chapati. Akaona paa letu limeandikwa jina lake, Perez Ogola, jina linalotaja kabila letu waziwazi. Akailaza simu kifudifudi mezani.

"Cyril, ulienda nyumba kwa nyumba ukiuliza hii ni ya nani?"

"Ndiyo, Mama."

"Hata wale wa 2008 waliuliza hivyo hivyo."

Januari ile, watu wakichomeana nyumba kwa kabila baada ya kura, nilikuwa na miaka minne. Mama hakuwa amewahi kunisimulia. Vijana walifika getini kwetu na petroli, wakamuuliza Mzee Joseph, baba yake Jemutai, hiyo nyumba ni ya nani. Mzee akasimama katikati ya barabara na gambuti zake za kukamulia ng'ombe, akasema, "Ya shangazi yangu. Mkiichoma, mmenichoma mimi." Wakapita. Sisi tulikuwa jikoni kwake, Mama amenifunika mdomo na leso.

"Aliwadanganya, na hatukuchomewa," Mama akasema. "Sasa wewe umewaandikia. Hilo jina lisipotoka, mimi sikai hapa siku ya kura."

Nikatuma ombi la kufuta majina yote. Baada ya dakika kumi Felix akalikataa: Data nzuri. Sababu haitoshi.

Haitoshi! Nikamfuata hadi chumbani kwake.

"Boss, sababu haitoshi? Nikuletee majivu kwa bahasha?"

"Hizo ni stori za kitambo, Cyril. Sisi ni kizazi kipya. Data ni ya wazi."

"Wazi kwa nani? Wewe uko kwa paa gani?"

Akakohoa. Felix ni mpangaji. Katika ramani nzima hakuna mahali pameandikwa jina lake. Jamaa alikuwa jasiri kwa majina ya wazazi wa wengine!

Nikampigia Jemutai. Alikuja na kalamu bado iko kwa nywele, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia Felix.

"Baba yangu alisimama barabarani akadanganya watu wenye petroli. Wewe unataka sababu gani tena? Bonyeza."

Felix akabonyeza kama mtu anayelipa faini. Majina yakatoka. Halafu, kwa kutufariji kabisa, akasema, "Na msijali, huku hakuna kitu hupotea. Toleo la zamani liko tu." Akagusa mahali, na Mama akarudi juu ya paa.

Nilikuwa karibu kuila ile laptopu, vibandiko na yote.

Jemutai akaivuta kwake. Alikaa hapo hadi saa kumi jioni akiifuta historia yote ya faili ile, toleo kwa toleo, Felix akilia kwamba tunaharibu nakala za wachangiaji wote.

"Wapakue upya," Jemutai akajibu bila kuinua kichwa.

Alipomaliza, akahesabu waliokuwa wamechukua nakala. Wanne. Felix, yeye, mimi. Wa nne hakuwa na picha wala jina, tarakimu tu, na aliichukua siku moja baada ya majina kuingia. Nilimwandikia mara tatu nikimwomba afute. Hakujibu hata salamu.

Nilitaka kumwambia Mama kwamba yameisha. Nikashindwa. Nikamwambia kuna nakala moja tusiyojua ni ya nani. Akaitikia kwa kichwa, na siku tano kabla ya kura akaenda kwa dada yake, huko Ahero.

Kura ikapita. Mtaani kwetu hakuna aliyerusha hata jiwe. Felix akanitumia ujumbe: Si umeona? Hakukuwa na kitu.

Nimeona, Felix. Nimeona Mama, mwalimu aliyefundisha mtaani humu miaka ishirini na sita, akilala wiki tatu kwenye mkeka wa dada yake, akinipigia kila asubuhi kuuliza kama nyumba iko. Hiyo nayo ni data. Ongeza.