Bi. Maureen Aomba Radhi

Mvua ya Sheffield haina haya. Ilikuwa imekwisha kuvunja maonyesho matatu kwenye jukwaa la wazi la bustani ya Hollin, na jioni hii, mapumziko yalipokwisha tu, ilirudi kumalizia kazi yake.

Bi. Maureen Ackroyd, aliyeliendesha jukwaa hilo peke yake tangu mumewe azikwe, alisimama pembeni na ufagio wa mpira mkononi, mfano wa askari wa mwisho vitani. Halmashauri ilikwisha kutamka: jukwaa ambalo michezo yake haifiki mwisho si jukwaa, ni mbao tu. Mchezo wa leo nao ukikatika, mbao zitang'olewa, papangwe viwanja vya gofu ya watoto. Kuondoa ubishi, halmashauri ilimtuma Bwana Thackray aje ajionee. Alikaa safu ya tatu, ndani ya koti la plastiki, chupa ya chai mapajani.

"Rupert, mwanangu, panda," Bi. Maureen alimsihi mfalme wa mchezo, aliyejibanza chini ya turubai, taji limemwendea upande.

"Nipande wapi, mama? Hizo mbao ni sabuni. Mwaka jana Colin aliteleza akienda kumbusu malkia, mpaka leo anachechemea."

"Nikizikausha?"

"Kausha kwanza. Mfalme akianguka kabla ya wakati wake, hayo ni mapinduzi."

Akaanza kudeki. Akisukuma maji huku, mvua inamwaga kule. Watazamaji wakampigia makofi, maana ndiyo desturi yao: anayedeki jukwaa hushangiliwa kuliko mfalme.

"Kona ile umeiruka, mama!" mmoja alipiga kelele.

"Mwacheni, huyu ndiye mwigizaji pekee anayejua kazi yake!"

Walicheka, wakamiminiana chai. Maji yalikuwa yamewafikia soksi, lakini hakuinuka hata mmoja. Watu wa pale wako radhi wafe kwa kikohozi, mradi mtu asiwe wa kwanza kuondoka. Bi. Maureen alilijua hilo, na hakuwa na tumaini jingine duniani.

Mara akamwona kikongwe wa safu ya mbele akitetemeka midomo. Malezi mema yakamponza. Kabla hajauma ulimi, alikwisha kusema, kwa sauti yake ya kanisani:

"Samahanini sana, jamani. Poleni na mvua. Tafadhali, msijione mmelazimika kukaa."

Loo! Waliinuka wote kwa pamoja, kama wanafunzi wa bweni waliosikia kengele ya chakula. Wakapita mmoja mmoja kumpa mkono.

"Ahsante, mpenzi. Jioni nzuri mno."

"Nzuri mno, kwa kweli," alisema mwingine, maji yakimchuruzika puani.

Bi. Maureen alitabasamu huku moyo ukimzama. Viti vilibaki vitupu, vyeusi kwa maji. Bwana Thackray naye alikuwa amesimama, anafunga chupa yake.

"Samahani, Bi. Maureen. Nasikitika sana."

"Samahani ni yangu, Bwana Thackray."

"Hapana, hapana, yangu mimi."

Kwa kila samahani alirudi hatua moja kuelekea lango. Bi. Maureen alipiga hesabu yake haraka: samahani nne zaidi, na kila ubao ambao marehemu mumewe aliupigilia misumari kwa mkono wake utakuwa kuni.

"Kaa chini," alisema.

"Naam?"

"Nimesema kaa chini. Mchezo haujaisha. Na wewe Rupert, vua viatu, upande!"

"Miguu mitupu, mama? Baridi hii?"

"Vidole vitashika mbao. Mfalme gani anaogopa vidole vyake mwenyewe? Panda!"

Bwana Thackray hakuwa ameamrishwa na mtu tangu atoke shule. Miguu yake ilitii kabla ya kichwa. Akaketi kwenye dimbwi la maji lililojaa kitini. Rupert akapanda, akaanza kuwahutubia raia wake, yaani Bwana Thackray.

Bi. Maureen alikwenda kusimama nyuma ya kiti hicho kimoja chenye mtu. Bwana Thackray akakohoa, kile kikohozi cha mtu anayetafuta njia ya kuaga. Ufagio ukamgusa begani, taratibu.

Mfalme alikuwa bado na tendo zima la kufa, na mvua ndiyo kwanza inakaza.