Kiti cha Nyuma

Machi ile joto lilikuwa kama la kiangazi. Majira yote ya baridi theluji haikushika ardhi, mitufaha ilikuwa imeshachipua, na misonobari ya mlimani ilikauka kama kuni za jikoni. Upepo ulipougeuza moto wa msituni kuelekea bondeni, Haerim alikuwa ameshampakia bibi yake garini.

"Mtungi wangu! Siendi bila mtungi."

Ulikuwa mtungi wa soya iliyochachuka, ambao bibi aliurithi kwa mama mkwe wake. Haerim hakuzoea kubishana na wakubwa. Akaupakia kiti cha nyuma, akausukumia mablanketi pande zote usipasuke.

Kwenye lango la jirani alisimama Bibi Hwamok, ambaye wote walimwita kwa jina la kijiji alikozaliwa. Aliinua mkono, kiganja chini, vidole vikiita. Haerim alipunguza mwendo. Akatazama kiti cha nyuma, kilichojaa mtungi na mablanketi. Mwenyekiti wa kijiji atampitia, akajiambia, akakanyaga mafuta.

Walikimbilia ukumbi wa shule mjini. Baada ya muda mwenyekiti aliingia, uso mweusi kwa moshi.

"Bibi Hwamok amekaa wapi?"

"Si umemleta wewe?" Haerim akauliza.

"Mimi? Nimeliona gari lako mlangoni kwake, nikajua umempakia!"

Bibi yake alimfinya. "Nyamaza, mtoto."

Lakini Haerim alikwisha kusimama. "Aliniita. Nilimwona, sikusimama."

Mwenyekiti akageuka kukimbilia nje, na mlangoni nusura amgonge kikongwe aliyejaa majivu.

"Polepole, ng'ombe wewe! Nimeponea kwenye gari la takataka, unataka kuniua hapa?" Bibi Hwamok aliwatazama. "Mbona mmekodoa macho kama samaki wa kukausha? Kama nanuka, semeni."

Watu walicheka, wengine wakilia. Haerim alipiga magoti mbele yake.

"Bibi, nisamehe. Uliponiita…"

"Nani alikuita?" Alisema kwa sauti ya kusikika hadi ukuta wa mbali. "Nilikupungia uende zako. Moto ulikuwa mgongoni mwenu, wewe unajikokota kama bibi harusi!"

Bibi yake Haerim aliinamisha kichwa. "Umesikia?" mwenyekiti akasema, akishusha pumzi. "Inuka basi, binti."

Haerim hakuinuka. Alitafuta macho ya Bibi Hwamok, na yule kikongwe akayakwepesha, akaanza kujikung'uta majivu mabegani.